Kabati la Joto

Tangi lilikufa mwezi wa Julai,
asubuhi ya sakitu, nyasi za Mataura
zikivunjika kama vigae chini ya viatu.
Maji yalitoka chini ya mlango wa kabati
bila haraka, kama mgeni anayeijua nyumba,
yakalowesha zulia mpaka kwenye mguu wa meza.
Nilisimama, mfarishi mkononi, nikasema,
"Hata wewe, Murdo?"
Kisha nikakumbuka: Murdo ni mume wangu, si tangi,
na yeye alitangulia miaka miwili.

Thelathini na mmoja lilikaa mle,
tumbo la chuma lililovishwa blanketi la sufu.
Ubavuni Murdo aliandika kwa penseli
tarehe ya kila kifaa alichobadilisha,
na chini kabisa, mkono ukiwa umeanza kutetemeka:
*Ishbel, usioge zaidi ya dakika nne.*

Nilioga tisa. Naungama.

Semisi fundi alikuja Alhamisi.
Aligonga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza,
akachomoa ndani yake fimbo iliyoliwa ikabaki waya.
"Hii fimbo ni kafara," akasema.
"Inawekwa iliwe na kutu, tangi lisiliwe.
Ikiisha, inakuja zamu ya tangi."
Nikamwomba aniachie. Iko dirishani,
kando ya miwani ya Murdo.

Akanipigia hesabu nyuma ya bahasha ya bili:
mama, hili linachemsha usiku kucha
kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala.
Joto linatoroka, unalilipia,
linatoroka, unalilipia tena.
Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyofunzwa;
hatufunzwi kwamba haba na haba ndiyo inayokitoboa.

Sasa nje, ukuta wa kaskazini unaopata jua,
kuna sanduku la kijivu lenye feni,
jokofu lililovaa nguo ndani-nje.
Linavuta hewa, linaikamua joto lililomo,
hata hewa hii inayouma masikio,
linalitia kwenye maji.
Sikuamini. Nilitoka na koti juu ya nguo ya kulalia,
nikaweka kiganja mbele ya feni:
pumzi yake ilikuwa baridi kuliko Julai yenyewe.
Basi ni kweli. Hewa imenyang'anywa kitu.
Kumbe hata baridi ina akiba,
imeficha senti chini ya godoro.

Bili ya Agosti ilikuja nyembamba.
Niliisoma kwa miwani yangu, kisha kwa yake.
Nusu, na kasoro.
Usiku ule nilioga mpaka vidole vikakunjamana,
nikasubiri mtu agonge mlango.

Lakini kabati.
Hakuna aliyenitajia habari za kabati.
Lile joto tuliloliita hasara
lilikausha nepi za Rhona mvua ya wiki nzima,
likaumua unga wa mkate kila Jumamosi,
likampasha Murdo fulana ya kiwandani
aivae ikiwa vuguvugu, alfajiri,
gizani, akinong'ona asiniamshe.
Leo nimefungua: mashuka baridi, yamenyooka,
kama ya hoteli.
Paka amekaa mlangoni ananitazama
kama mpangaji aliyepandishiwa kodi.

Sitaki lirudi. Nasema kweli.
Nimeiona hesabu, na sitalipia tena
kuupasha moto ukuta.
Ila hesabu ya Semisi ilikuwa na mistari miwili,
na mimi nilikuwa na wa tatu
ambao sikujua nitauandikaje.

Jumamosi naufunga unga ndani ya sweta la Murdo,
nauweka dirishani, pale penye ile fimbo.
Unachelewa saa nzima.
Unaumuka.